Kitabu cha Mbuzi kwa Sauti ya Jumapili

Binti yangu alikuwa darasa la tatu alipoanza kuumwa tumbo kila nilipomwambia alete kitabu. Si tumbo la kusingizia. Nilimpeleka zahanati mara mbili, wakampima malaria, wakampima choo, wakampa dawa ya minyoo kwa sababu huwezi kutoka zahanati mikono mitupu, tukarudi nyumbani. Jioni nikisema tu "haya, kitabu," anakunja uso, anashika tumbo, anakaa ukingoni mwa kochi kama anasubiri sindano. Akisoma alisoma kwa kidole. Neno, kidole, neno, kidole, halafu ananitazama usoni kuona kama amepatia.

Nilikwenda shuleni kuuliza. Mwalimu wake, mama mmoja mpole mwenye watoto karibu mia darasani, aliniambia, "Mama, mkazanie nyumbani. Mwakani ni darasa la nne, akishindwa mtihani atakariri darasa." Nilimshukuru, nikaaga. Njiani kurudi kwetu Bombambili, hapa Songea, nilikuwa naongea peke yangu kwa hasira. Namkazania nyumbani! Nilikuwa namkazania kila siku ya Mungu, na kila siku alikuwa anazidi kuogopa.

Sikuwa nataka awe wa kwanza darasani. Niseme ukweli, kuna miaka nilitaka hata hilo, lakini mwaka ule nilitaka kitu kimoja tu: mtoto wangu afungue kitabu bila kutumwa, kimchekeshe. Mara moja tu ingetosha. Maana nilikuwa najua kinachokuja. Nimefanya kazi masjala miaka kumi na nne, nimewaona watu wazima wenye vyeo wanaoletewa jalada la kurasa tano wakashika vichwa, wakamwambia karani, "Hebu nieleze kwa kifupi." Hao nao waliwahi kuwa watoto wa darasa la tatu wenye maumivu ya tumbo.

Mwaka huo ofisi ilinituma Dar es Salaam kwenye semina ya siku tatu ya utunzaji wa majalada. Siku ya mwisho niliingia duka la vitabu kukimbia jua, nikakuta rafu ya watoto. Muuzaji alinionyesha vitabu vinene kidogo, vyenye sura fupi fupi na picha kila ukurasa. Alisema hivi ni vya mtoto ambaye ameshachoka vitabu vya picha tupu lakini bado anaogopa ukurasa uliojaa maandishi. Nilichukua kimoja, cha mbuzi dume aliyekula suruali ya mwenyekiti wa kijiji asubuhi ya siku mgeni mkubwa anakuja. Sura kumi na mbili. Kila picha yule mbuzi ana kitu kipya kinachoning'inia mdomoni: kifungo, mkanda, mguu mmoja wa suruali. Mwenyekiti naye amejifunga khanga ya mke wake, anatembea nyuma ya meza ili wageni wasimwone chini, na vijana wanne wanaibeba ile meza hatua kwa hatua kuelekea jukwaani.

Nilikisoma chote jioni ile ile gesti. Nilicheka mpaka mhudumu akagonga mlango kuuliza kama nina tatizo. Nilimwonyesha picha ya meza, akacheka naye amesimama mlangoni na ndoo yake. Niliwaza, hapa nimepata dawa.

Nyumbani nilimpa mume wangu akishike wakati nafungua mabegi. Mume wangu ni fundi umeme, mtu wa utaratibu, mzaliwa wa upande wa Peramiho penye misheni, na kwao kitabu ni kitu cha kuhifadhiwa. Nilipotoka chumbani nilikuta ameshakijalidi kwa karatasi ya kaki, amekunja pembe vizuri, ameandika jina la mtoto na darasa kwa kalamu ya wino mweusi.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Kisichafuke."

Mbuzi wangu wa kwenye jalada alikuwa amefunikwa mzima, na mguu wake wa suruali mdomoni. Binti yangu akaingia kutoka kucheza, akaiona ile kaki mezani, mkono ukaenda tumboni. Nilimgombeza mume wangu kama vile ameuza nyumba. Niliibandua kaki, pembe moja ya jalada ikachanika, nikazidi kukasirika. Mtoto alisimama pale akitutazama, na nadhani alichojifunza siku hiyo ni kwamba vitabu vinaleta ugomvi.

Nilimpa mkononi. Alikigeuza moja kwa moja mpaka ukurasa wa mwisho, akapekua, akarudi nyuma, akapekua tena.

"Mama, maswali yako wapi?"

"Hakina maswali. Unasoma tu."

"Sasa nitajuaje kama nimesoma?"

Nilimwambia atajua tu. Akakiweka juu ya kabati la vyombo, pamoja na glasi za wageni, na kikakaa huko wiki nzima.

Ndipo nikapata wazo, na nililipenda sana wazo langu. Kicheko ni cha kuambukizana, niliwaza. Mtoto peke yake na mama yake hachekeshwi, ila wakiwa wengi mmoja akianza wote wanafuata. Jumuiya yetu ya kanisani ina watoto wengi, na kila Jumamosi wanatoka mafundisho parokiani saa nne wakiwa hawana kazi hadi mchana. Niliwaambia wazazi wao wawaruhusu wapitie kwangu. Nilikaanga maandazi na karanga, nikatandika mkeka sebuleni, nikasogeza makochi. Walikuja wanane, wamenawa miguu bombani, wakanisalimia mmoja mmoja, "Shikamoo mama, shikamoo mama," wakakaa kwa mistari mitatu, na binti yangu akawa wa tisa.

Hapa inabidi nieleze jambo kuhusu mimi, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Mimi ni msomaji wa masomo kanisani. Nilianza mara baada ya kuhamishiwa Songea kutoka Iringa, na sasa watu wakinitaja hawasemi yule wa masjala, wanasema yule msomaji. Nina sauti. Sijisifu, nimeambiwa. Hata waliosimama nje karibu na baiskeli wanasikia kila neno, na mapadre wawili kwa nyakati tofauti wameniambia kwamba nikisoma mtu anasikia mpaka mkato. Nikienda pale mbele nanyoosha mtandio begani, nasafisha koo mara moja, nasoma pole pole, na nikimaliza nanyamaza kidogo kabla ya kuinua macho. Wale watoto tisa walikuwa wamenisikia hivyo tangu wakiwa migongoni.

Basi nilisimama mbele yao, nikafungua kitabu, nikasema, "Sura ya kwanza." Wakakunja mikono.

Nilisoma vizuri. Sijawahi kusoma vizuri hivyo. Mbuzi aliamka, akanusa kamba ya kuanikia nguo, akaiona suruali, akaipenda, akaanza na kifungo. Nilipofika kwenye kifungo nilitua ili wacheke. Nyuso tisa zilinitazama bila kupepesa. Niliendelea. Mbuzi akameza mfuko wa nyuma pamoja na kitambaa cha jasho. Hakuna aliyecheka. Nilimaliza sura, nikafunga kitabu, nikanyamaza kidogo, nikainua macho.

Watoto wote tisa wakaitikia kwa pamoja, "Tumshukuru Mungu."

Mume wangu alikuwa barazani anatengeneza pasi ya jirani, nikasikia chai inamwingia puani. Na mimi ningecheka, jamani, kama nisingemwangalia binti yangu. Alikuwa ameitikia na wenzake kama tunavyoitikia baada ya somo kanisani, mikono ameikunja, macho chini, amenyooka kama fimbo. Hakuwa anatania. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anatania.

Nilijikaza. "Haya, mmekionaje?"

Msichana mkubwa kuliko wote alisimama. "Mimi nimeguswa na pale mbuzi alipomeza kifungo. Tunajifunza tusichukue vitu vya watu."

Akakaa. Wa pembeni yake akasimama. "Na mimi nimeguswa na hapo hapo."

Wakazunguka wote tisa. Ndivyo tunavyofanya kwenye jumuiya baada ya kusoma Injili: kila mtu anasema neno lililomgusa, na ambaye neno lake limeshachukuliwa anasema hapo hapo. Wamekaa kwenye mikeka hiyo pamoja nasi tangu hawajaota meno. Na majumbani kwao kitabu chenye sura ni kimoja tu, kinakaa kwenye kitambaa cheupe, na mtu anayekisoma kwa sauti mbele ya watu ni mimi. Sasa walitakiwa wajue vipi kwamba huyu mbuzi ni wa kucheka? Nilielewa hayo usiku nimelala. Mchana ule nilichoelewa ni kwamba wameniharibia.

Jumamosi ya pili nilibadilisha mbinu. Nilisema sisomi mimi, watasoma wao, kila mmoja aya moja. Wakapokezana kitabu kwa mikono miwili na kila aliyefikiwa alisimama wima. Walisoma kama watu wanaotembea juu ya changarawe bila viatu, nami nikawa nawarekebisha, kwa upole kadiri nilivyoweza. Zamu ilipofika kwa binti yangu alisimama, kidole ukurasani, mkono mwingine tumboni. Nilimrekebisha mara nne katika mistari mitano. Alikuwa ameanza kutokwa jasho juu ya mdomo. Nilimwambia akae.

Tukafika kwenye picha ya meza. Mungu wangu, ile picha! Niliinua kitabu juu, nikakizungusha wote waone.

"Mwenyekiti amevaa nini?"

"Khangaaa."

"Anatembea nyuma ya nini?"

"Mezaaa."

"Sasa?"

Mtoto mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono. "Amekosa suruali mbele ya mgeni. Tumwonee huruma."

Hasira ikanipanda. Nakiri bila kujitetea. Nilikuwa nimeamka alfajiri kukaanga maandazi, nilikuwa nimebeba kitabu kile kutoka Dar es Salaam mkononi nisikikunje, na sasa naambiwa tumwonee huruma. Nilipiga meza ya kahawa kwa kiganja nikasema, "Jamani, chekeni basi!"

Walitazamana. Yule msichana mkubwa akavuta pumzi, wenzake wakamfuata, na wote kwa pamoja, kwa mdundo ule ule wa makofi ya kumpokea mgeni shuleni, wakasema, "Ha. Ha. Ha."

Binti yangu naye alisema, kisha akanitazama usoni kuona kama amepatia.

Niligawa maandazi, watoto wakala kama wako msibani, wakasema asante mama, wakaondoka. Jioni mezani mume wangu alimega ugali wake akasema, "Mke wangu, wewe unawachekesha watoto kama unawapiga chanjo." Kilichoniudhi si utani wake. Kiliniudhi kwamba nilijua kila kitu kinachotakiwa, nilikuwa na kitabu, nilikuwa na watoto, nilikuwa na sauti ambayo parokia nzima inaisifu, na bado nilikuwa nashindwa na mbuzi.

Nilijaribu peke yangu ofisini, mchana, mlango wa masjala umefungwa. Nilijaribu kusoma kwa sauti ya mbuzi. Nilijaribu kusoma haraka haraka. Kila nilipofungua mdomo ilitoka sauti ya Jumapili. Mhasibu aliingia kuchukua jalada akanikuta nimesimama namhubiria kabati.

Wiki iliyofuata baridi ilituingia. Juni ikielekea kuisha, Songea haina mchezo, ukungu unakaa juu ya milima ya Matogoro mpaka saa nne na upepo unapita chini ya mlango hata ukiweka gunia. Ijumaa nilianza kukwaruzwa na koo, Jumamosi nikaamka sina sauti kabisa. Nilipumua tu, hakutoka kitu. Watoto walipokuja nilimwonyesha binti yangu koo langu kwa kidole, nikamnong'oneza awaambie leo hakuna kusoma, wachukue maandazi waende. Kisha nikaenda jiko la nje kuchemsha tangawizi. Nilikaa mbele ya moto nikajionea huruma. Niliamua pale kwamba basi, kitabu nitakipeleka kwa mtoto wa dada yangu Iringa, ambaye ana akili ya kucheka.

Nilipokuwa nachuja tangawizi nilisikia kelele kutoka ndani. Nilidhani wanapigana. Nilichukua kikombe changu nikavuka uani mpaka mlango wa nyuma, ule wenye pazia, nikasimama.

Binti yangu alikuwa amesimama juu ya kigoda. Alikuwa ametupia mtandio wangu begani, ule wa kijani wa kwenda nao kanisani, ameunyoosha kwa ncha za vidole. Kitabu alikuwa amekiweka juu ya mto wa kochi, na mto umeshikwa na watoto wawili waliopiga magoti. Alisafisha koo mara moja. Kisha akasoma, na sauti iliyotoka ilikuwa yangu.

"Naye mbuzi," akasema, akatua, akainua macho juu ya vichwa vyao kama anawatafuta waliosimama karibu na baiskeli. "Akaitazama. Kofia. Ya mgeni."

Wenzake wengine walikuwa chini. Simaanishi wamekaa, namaanisha wamelala chali kwenye mkeka wameshika mbavu. Yule aliyemwonea huruma mwenyekiti alikuwa anapiga sakafu kwa ngumi. Msichana mkubwa alikuwa anasema, "Acha, acha, nitakufa," na binti yangu hakuacha, alizidi kuvuta maneno, alitua penye mkato kama ninavyotua mimi, na kila akitua wanapiga mayowe.

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Hilo ndilo la kwanza, sitalificha. Mtandio wangu, sauti yangu, huduma yangu ya miaka yote ile, na mtoto niliyemzaa mwenyewe ameipandisha kwenye kigoda. Nilitafuta neno la kumwita nalo, koo likanikatalia. Ndiyo nikabaki pale nikiwa sina la kufanya ila kusikiliza, na katika kusikiliza ndipo nikaona kwamba kidole hakikuwepo. Mkono mmoja ulikuwa kwenye mtandio, mwingine ulikuwa unaning'inia tu ubavuni. Alikuwa anageuza ukurasa, anaingia mwingine, anaendelea. Tumboni hapakuwa na mkono.

Walipopumua kidogo, mmoja wa wale walioshika mto akasema, "We, mama yako akitusikia?"

"Hasikii."

"Si yuko hapo jikoni?"

"Hata akisikia," binti yangu akasema, akitafuta mahali alipoishia. "Mama hasikilizagi hadithi. Anasikilizaga nimekosea wapi."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anavyomwambia mtu kwamba bomba letu hutoa maji asubuhi tu. Wenzake walikubali kwa vichwa, kwa sababu nao walikuwa wananijua.

Nilitaka kuingia nimwambie si kweli. Nilitaka kumwambia kwamba gesti ile nilicheka kitabu hiki mpaka mhudumu akaja na ndoo yake, kwamba nilikinunua kwa ajili yake, kwamba kila nilichofanya tangu siku ile nilitaka acheke hivi hivi wanavyocheka wenzake sasa. Chai ya tangawizi ilikuwa inaniunguza vidole kupitia kikombe cha bati. Yeye akanyoosha mtandio, akaendelea kusoma. Mbuzi aliirukia kofia, mgeni akashika kichwa, wapiga ngoma wakadhani ndiyo ishara ya kuanza, wakaanza.

Binti yangu akaruka mstari. Mstari mzima, pale kati ya kofia na ngoma, ulio na neno moja refu ambalo nilimrekebisha Jumamosi iliyopita. Hakuna mtoto aliyegundua, na hadithi ilikwenda vizuri tu bila mstari huo, na wote walikuwa wanacheka. Mimi niligundua. Mkono wangu ulikuwa umeshashika pazia, na ilinichukua muda kuuondoa.